Mpeni Mwenye Mtaa Fedha Mkononi

Kaa na wanaogawa fedha za misaada jijini Nairobi, hutakosa kuambiwa kwamba vikundi vya mashinani havina uwezo. Wana moyo, utasikia, lakini hawana mhasibu, ripoti hawajui kuandika, na hela nyingi zitawashinda. Kwa hiyo fedha za kutetea haki za Wapwani hupitia shirika kubwa la mjini, nalo likishalipia ofisi, magari na warsha za hotelini, kinachosalia ndicho kinachoteremka Pwani.

Imani hiyo ni potofu, na mahakama zetu zimetunza ushahidi.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulichafuliwa kwa madini ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Aliyepaza sauti ni Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, ambaye mwanawe mchanga alikutwa na sumu hiyo mwilini. Wakazi waliandamana naye, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Kesi ikafunguliwa 2016. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hiyo ni miaka minane kortini. Ruzuku ya mwaka mmoja itafika wapi? Tena mara nyingi ruzuku yenyewe hukataa kulipia nauli ya mashahidi au kodi ya chumba cha ofisi, eti ni gharama za uendeshaji. Lakini kuna mtu lazima azunguke nyumba hadi nyumba akiwashawishi kina mama wakubali watoto wao watolewe damu ya kupimwa. Lazima atunze vyeti vya maabara visiloe mvua ikinyesha, na awatie watu moyo kesi inapoahirishwa tena. Kazi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kesi nzima, na ndiyo isiyolipwa.

Lamu nako, mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na baraka za serikali. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, ukaupinga mbele ya jopo la kitaifa la kesi za mazingira. Juni 2019 leseni ilifutwa, sababu moja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nani angeweza kulithibitisha hilo isipokuwa wao wenyewe ambao hawakuulizwa?

Mawakili kutoka nje walisaidia, na wanastahili shukrani. Ila wakili humkuta mteja amekwisha kujipanga, na kujipanga huko kunagharimu.

Kuhusu hofu kwamba fedha zitaliwa: mhasibu huajiriwa kwa mshahara. Ukikataa kuulipa mshahara huo mwaka baada ya mwaka, huna haki ya kukilaumu kikundi kwa kukosa mhasibu. Udhaifu unaolalamikiwa umetengenezwa na masharti ya mtoaji.

Wafadhili wa ng'ambo, nanyi matajiri wetu mnaojenga visima na kuweka majina yenu ukutani, toeni fedha moja kwa moja kwa vikundi hivi. Zitoeni kwa miaka mitano au zaidi, mshahara na kodi zikiwemo, na muwaachie wenyeji waamue ni kesi gani ianze.