Elimu ya Daktari wa Mifugo Haiishii Zizini



Juma lililopita alinijia mama mmoja baada ya darsa. Binti yake amefaulu mtihani wa Kidato cha Nne na anataka kusomea udaktari wa mifugo. "Sheikh," akaniambia, "babake asema hakumsomesha binti ili akashike sindano zizini."

Nilikaribia kumuunga mkono baba huyo, kisha nikamkumbuka ng'ombe wangu.

Miaka michache iliyopita nilinunua ng'ombe wa gredi kutoka bara. Alipofika huku Pwani, maziwa yakapungua siku baada ya siku. Nikampa dawa ya minyoo, nikamlaumu aliyeniuzia. Mwishowe akaja daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo. Yeye aliacha kutibu zamani, akaingia katika utafiti wa fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi, na sasa huwapa wafugaji ushauri wa kitaalamu. Hakufungua mkoba wa dawa. Alihesabu pumzi za ng'ombe, akatazama bati la banda, akauliza maji huyapata mara ngapi.

Akanifahamisha kwamba ng'ombe hakuwa mgonjwa, bali alielemewa na joto. Chakula kinaposagwa tumboni hutoa joto, kwa hivyo mnyama aliyeelemewa hupunguza kula, na maziwa hupungua. Tena zaidi ya sehemu nane katika kumi za maziwa ni maji. Anyweshwaye mara mbili kwa siku atayatoa wapi? Nikaezeka makuti, nikaweka maji usiku na mchana, na chakula kingi nikampa jioni na alfajiri. Maziwa yalirudi, ingawa si yote.

Nikamwuliza pia juu ya ngamia, maana nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba nundu yake ni tangi la maji. Akatabasamu: "Sheikh, nundu ni mafuta." Akanieleza utafiti uliofanywa na Knut Schmidt-Nielsen na mkewe Bodil katika jangwa la Sahara, Algeria, mwaka 1953 na 1954. Ngamia aliyekosa maji huacha joto la mwili wake lipande mchana hadi nyuzi 40, na lishuke alfajiri hadi 34, ili asiyapoteze maji kwa jasho. Qur'ani yatuelekeza tutazame ngamia alivyoumbwa. Kumbe mimi niliisoma aya nisitazame. Naye Bodil, mwaka 1975, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jumuiya ya wanafiziolojia wa Marekani.

Baba ana haki ya kuuliza binti atakaa wapi miaka mitano ya masomo, na karo itatoka wapi. Hayo tutayazungumza. Lakini zizi si aibu, na elimu hii huanzia hapo ikafika maabara na kurudi kwa mfugaji.

Nimemwomba mama aje na mumewe Ijumaa baada ya swala. Nitawaonyesha banda la makuti.

Wabillahi tawfiq.