Programu za simu: Kongolo isiwe ya mwisho kusikilizwa

Siku hizi mkaaji wa Kongolo, jimboni Tanganyika, anategemea programu ambazo hakuulizwa zilipotengenezwa. Mama anayeuza mafuta ya mawese analipwa kwa simu. Muuguzi anajaza hesabu ya wagonjwa wa malaria kwenye tableti. Kasoro ikitokea, mjini Kinshasa inaonekana jambo dogo. Kongolo ni pesa iliyokwama njiani, au dawa zilizoombwa kwa hesabu isiyo sahihi.

Kwa hiyo namna mafundi wa programu wanavyopanga kazi yao inawahusu hata wale wasioijua kompyuta.

Mwaka 2001, wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika kanuni za mtindo unaoitwa ajaili. Timu inafanya kazi kwa hatua fupi, inamuonyesha mtumiaji kipande kilicho tayari, inamsikiliza, kisha inarekebisha. Afrika Mashariki iliona faida ya kusikiliza hivyo kwa M-Pesa. Jaribio lililoanza Kenya mwaka 2005 lililenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi waliliona hilo, na mwaka 2007 huduma ikafunguliwa kama njia ya kutuma pesa. Leo inatumika hata Kongo.

Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi. Kuna timu zinazokutana kila asubuhi na kubandika karatasi ukutani, halafu marekebisho yanakaa miezi yakimngoja mtu mmoja ayapeleke kwa mkono kwenye seva. Dawa yake ni kuachia mashine kazi hiyo. Kila badiliko linajaribiwa, likifaulu linapelekwa kwa njia ile ile kila mara, na likiharibu toleo la zamani linarudishwa.

Kazi ya mkono ina bei yake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane, na ile moja iliyosahauliwa ikaendelea na programu ya zamani.

Mashine bila kusikiliza nayo ni hatari: jambo ambalo hakuna aliyeliomba linawafikia watu wote kwa siku moja. Mambo haya mawili ni miguu ya mtu mmoja.

Wapo watakaosema kwamba rezo ya Kongolo ni dhaifu na umeme ni wa kubahatisha, basi mambo haya ni ya Nairobi. Ukweli ni kinyume. Mashine ya kujaribu inakaa mbali, kwenye seva. Kinachoshuka hadi kwenye simu ni kipande kidogo. Kinachoumiza ni toleo kubwa linalokuja mara moja kwa mwaka, linalokula mega za wiki nzima na kukatika katikati.

Na inawezekana kumfikiria mtu wa mbali. DHIS2, ambayo wizara ya afya ya Kongo inaitumia kukusanya takwimu, ina programu ya simu inayojazwa bila rezo na kutuma habari baadaye. Mashine haiwezi kubuni jambo kama hilo. Ni lazima mtu ajue muuguzi wa kijijini anafanyaje kazi.

Serikali na mashirika yanayolipia programu yana nguvu ya kudai mambo matatu katika mkataba. Kwanza, watumiaji wa wilaya kama Kongolo wajaribu kila hatua, wasiitwe tu siku ya mafunzo wakati kila kitu kimekwisha. Pili, majaribio ya mashine yahesabu rezo inayokatika na simu ya bei ndogo. Tatu, kurudi kwenye toleo la zamani kuwezekane siku ile ile, na aliyeko Kongolo ajue wa kumpigia.

Njia ya kutoka Kalemie hadi Kongolo ni ndefu, na fundi hawezi kuja kila kosa linapotokea. Ndiyo sababu kosa likamatwe kabla halijaondoka.