Ziara ya Msituni ni Somo, Si Zawadi

Katika shule zetu nyingi za msingi za mjini, ziara ya kielimu imegeuzwa kuwa zawadi ya mwisho wa mwaka. Basi hukodiwa, soda hununuliwa, na watoto ambao wazazi wao wameweza kulipa huondoka wakiimba. Wasioweza hubaki darasani wakinakili maandishi ya ubaoni. Jioni basi hurudi, na kesho yake masomo huendelea mahali yalipoachwa, kana kwamba hapakutokea lolote. Kwa maoni yangu, ziara ya namna hiyo haistahili kuitwa ya kielimu. Nawe mwanachuo, unayejiandaa kwenda kufundisha, yakupasa uamue mapema kwamba hutaiendesha hivyo.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Buguruni, niliwapeleka wanafunzi wa Darasa la Tano katika msitu wa Pugu, ulio katika vilima vya Kisarawe, umbali wa kilomita zipatazo 20. Tulishuka kwa njia ya miguu hadi katika korongo lenye miti mirefu. Watoto walikimbia, wakapiga kelele, wakarusha mawe, wakala. Kesho yake niliwaandikisha insha. Karibu wote waliandika juu ya basi na chakula. Mmoja tu aliinua mkono akaniuliza, “Mwalimu, kile kijito tulichokivuka kule korongoni kinakwenda wapi?” Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza siku nyingine, kama tusemavyo walimu tunapotahayari.

Usiku ule nilifungua ramani. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hushuka kupitia Vingunguti na pembezoni mwa Buguruni, kisha Kigogo na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kijito kile kilikuwa kimojawapo cha vile vinavyoulisha mto huo. Na mtoto yule aliishi bondeni. Kila masika maji ya Msimbazi yaliingia nyumbani kwao, na mama yake alizoea kupandisha godoro juu ya meza. Nilikuwa nimempeleka kwenye chimbuko la jambo lililotawala maisha yake, nami sikujua, wala sikumwambia.

Daraja la mbali na mto wa jirani

Wanachuo huniambia mara kwa mara kwamba Dar es Salaam hapana mahali pa kuwapeleka watoto. Wameona katika picha makorongo yenye misitu, njia za kupanda na kushuka, na madaraja yanayoning’inia kati ya miti, kama yale ya Hifadhi ya Ziwa Manyara. Ni mahali pazuri, na heri mtoto atakayepaona. Lakini Manyara ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Buguruni. Mwalimu anayengoja nauli ya huko huenda akastaafu kabla hajalifundisha somo lake.

Pugu ipo karibu, nayo haikosi mambo ya kufundisha. Kuna mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea isiyoota kwingineko duniani. Kuna udongo mweupe wa kaolini, ambao hutumiwa kutengenezea vyombo vya kauri, na mashimo ya machimbo ya zamani ambamo popo hukaa. Tena Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Miaka 12 baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya dhidi ya shule inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Shule ya bondeni isiyomfundisha mtoto habari za mto wake inamtenga hivyo hivyo.

Kabla ya ziara

Ziara ianze darasani, juma moja kabla ya safari. Watoto wauchore mto kuanzia Pugu hadi baharini, na kila mmoja atie alama mahali anapoishi. Kisha waulize: mkaa unaouzwa sokoni Buguruni hutoka wapi? Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa jiji hili. Lakini jihadhari hapa. Usimfanye mtoto amwone mama yake kuwa mkosaji kwa sababu anapikia mkaa. Mwoneshe jinsi mambo yanavyohusiana. Lawama si somo.

Wakitamani daraja linaloning’inia, walitengeneze. Weka viti viwili mbalimbali, funga kamba mbili kati yake, tandika vipande vya maboksi, kisha weka mawe madogo juu yake, moja baada ya jingine. Viti vitaanza kuvutwa kuelekeana. Waambie watoto wawili wavikalie, navyo vitatulia. Hapo darasa zima litakuwa limeelewa kwamba nguvu ya daraja la namna hiyo haimo katika kamba peke yake, bali pia katika mahali kamba ziliposhikizwa pande zote mbili.

Wakati wa ziara

Mwalimu aende kwanza peke yake, aombe kibali kwa maofisa wa misitu, na achague pamoja nao njia na kijito. Siku ya ziara, wagawe watoto katika vikundi, na kila kikundi kiwe na kazi moja. Kikundi cha kwanza kipime upana wa kijito kwa kamba yenye mafundo. Cha pili kiteke maji katika chupa isiyo na rangi. Cha tatu kimimine kopo moja la maji chini ya miti penye majani makavu, na kopo jingine juu ya njia iliyokanyagwa ikawa ngumu, kisha kihesabu muda mpaka maji yanywee ardhini. Tofauti watakayoiona itawafunza kazi ya msitu kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Korongo halina huruma kwa mzembe. Katika korongo la Hell’s Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, wageni walisombwa na mafuriko ya ghafla wakafa mwaka 2012, na mkasa kama huo ukatokea tena mwaka 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, sehemu za juu, maji yakakufikia wewe uliye chini. Kwa hiyo usiende wakati wa masika, usishuke korongoni mawingu yakiwa mazito vilimani, na wahesabu watoto kila mnaposimama. Wakae wawili wawili, na kila kundi la watoto kumi liwe na mtu mzima wake.

Baada ya ziara

Somo halijaisha bado. Siku inayofuata watazameni Msimbazi mkiwa juu ya daraja la barabara lenye kingo salama. Mwalimu peke yake ateke maji, kwa kuwa si maji ya kuguswa na watoto. Chupa ya Pugu na chupa ya mjini zikisimama pamoja mezani, uliza swali moja tu: njiani pametokea nini? Watataja taka, maji machafu, uchimbaji wa mchanga, nyumba zilizojengwa ndani ya bonde, na miti iliyokatwa. Ndipo uwaeleze mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini, na jinsi baadhi ya wakazi wa mabondeni walivyohamishiwa Mabwepande. Baadhi yao watakuwa wamesimuliwa habari hizo nyumbani. Wape nafasi waseme.

Utaniambia kwamba darasa lina watoto wengi na fedha hakuna. Ni kweli. Lakini jaribio la viti, la makopo ya maji na la ramani halihitaji nauli, na laweza kufanywa uwanjani pa shule. Fedha zikipatikana kwa nusu ya darasa, subirini mpaka zitoshe wote, au mwende kwa zamu mbili. Somo la mto linawahusu zaidi hao hao wasioweza kulipa, maana aghalabu ndio wakaao bondeni.

Baada ya juma moja nilimjibu yule mtoto. Nilimwonesha ramani, nikapitisha kidole kutoka korongoni hadi nyumbani kwao. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Sasa Mwalimu, mbona hukutuambia tulipokuwa pale pale?” Sijasahau swali hilo. Nawe, ndugu mwanachuo, jiandae ili usije ukaulizwa hivyo.