Mlinda Mlango Hathaminiwi kwa Msimu Mmoja

Kila ufikapo wakati wa usajili, jiji la Dar es Salaam hugeuka mnada. Kurasa za michezo hujaa picha za wachezaji wakishikana mikono na wenyeviti, vijiwe vya Tandika na Mwananyamala havilali, na kila mshabiki huwa bingwa wa kupima thamani ya mchezaji. Hatuna ugomvi na shauku hiyo, kwani bila ya mshabiki kandanda haina uhai. Lakini katika mnada huo thamani ipimwayo ni ya msimu ujao peke yake: nani atafunga mabao, nani atatuletea kombe kabla ya mwezi wa sita. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mchezaji huyu atakuwa na thamani gani baada ya miaka 8 au 10.

Kwa mshambuliaji, haraka hiyo yaweza kusameheka. Mabao yake huhesabika, kasi yake huonekana kwa macho, na miguu ikichoka anatafutwa mwingine. Kwa mlinda mlango, kipimo hicho kinapotosha kabisa, na gharama ya upotofu huo huwaangukia vijana wa vitongoji vya Temeke na Kinondoni, pamoja na wana wetu wa Unguja na Pemba wanaovuka bahari kuja kubahatisha riziki huko.

Mlinda mlango ni mchezaji wa namna yake. Anasimama mmoja tu, na aliye nyuma yake hukaa benchi mwaka mzima, kwani nafasi hiyo haibadilishwi dakika ya 60 kama ya winga. Hukomaa akiwa amechelewa, mara nyingi akikaribia miaka 30, na hudumu wakati wenzake wa hirimu moja wamekwisha kuwa makocha. Dino Zoff wa Italia alilitwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Essam El Hadary wa Misri alisimama langoni katika fainali za mwaka 2018 huko Urusi akiwa na miaka 45, na akaokoa penalti dhidi ya Saudi Arabia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi Septemba 2019, Taifa Stars ilipopambana na Burundi katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia, aliyelinda mlango wetu katika mikwaju ya penalti alikuwa Juma Kaseja, mwenye miaka 34, aliyekuwa akiichezea KMC ya Kinondoni. Burundi haikupata hata mkwaju mmoja, nasi tukashinda 3-0. Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo walikuwapo wengi waliokwisha kumwandikia Kaseja taazia ya michezo. Klabu ya manispaa ilimwona kuwa ana kitu bado, na Taifa likafaidi.

Basi turudi kwa kijana. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 16 atokaye Makunduchi au Wete, mrefu, mwenye mikono mizuri, aliyepanda boti na kufikia kwa mjomba wake Mbagala. Anafanyiwa majaribio siku mbili. Akifungwa bao la kizembe siku ya pili, anaambiwa arudi mwakani. Akibahatika, anapewa mkataba wa mwaka mmoja na kuwekwa nyuma ya walinda mlango wawili waliokwisha kukomaa. Haguswi na mechi. Shule ameiacha. Akifika miaka 21 anaachwa kwa sababu hana uzoefu, na uzoefu huo hakupewa nafasi ya kuupata. Anarudi kwao au anaishia kuendesha bodaboda Rangi Tatu, katika umri ambao mlinda mlango ndiyo kwanza anaanza kujifunza kusoma mchezo.

Tunajua watasema kwamba hiyo ndiyo hali ya michezo popote duniani, kwamba wanaofaulu ni wachache. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kijana aliyepimwa sawasawa akaonekana hafai, na kijana ambaye hakupimwa kabisa.

Na hapa ndipo tunapotofautiana na wengi wa wasajili wetu. Wao hutazama idadi ya mechi ambazo kipa hakufungwa. Hesabu hiyo ni ya mabeki zaidi kuliko ya kipa. Mlinda mlango wa timu kubwa aweza kumaliza dakika 90 akiwa ameudaka mpira mara mbili tu, hali yule wa timu iliyo mkiani ameokoa mipira minane na bado amefungwa matatu. Nani kati yao ni bora? Jibu halimo katika msimamo wa ligi. Limo katika mambo ambayo mtu hana budi kusimama kando ya uwanja mara kumi ayaone: anasimama wapi kabla mpira haujapigwa, anafanya nini dakika tano baada ya kufungwa kwa kosa lake, sauti yake inawafikia mabeki au inamezwa na kelele za jukwaa. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, imebidi pia kuitazama miguu yake. Kipa asiyeweza kutoa pasi leo ni nusu ya kipa.

Na umri. Katika suala hili hatuna budi kusema kweli hata kama inauma. Umri wa vyeti umetuponza. Kijana wa miaka 22 aliyeandikwa miaka 17 ataonekana hodari mbele ya watoto, naye atachukua nafasi ya yule wa miaka 16 wa kweli ambaye kesho yake ilikuwa ndefu zaidi. FIFA ilianza mwaka 2009 kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika fainali za vijana chini ya miaka 17 ili kuukomesha udanganyifu huu. Anayenunua mchezaji kwa ajili ya miaka 10 ijayo huku hajui miaka iliyopita ananunua mbuzi kwenye gunia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wakubwa huenda hawalioni, kwa kuwa hawapiti viwanjani jioni. Viwanja vingi vya Mbagala, Tandika na Tandale ni vya changarawe na vumbi gumu. Mtoto anayejitupa mara moja akachunika nyonga na kiwiko hujifunza upesi kutojitupa, na tabia hiyo humfuata hadi ukubwani. Huudaka mpira akiwa amesimama, na ule wa pembeni huuaga kwa macho. Mtoto wa Visiwani aliyecheza ufukweni maji yakiwa yametoka hana hofu hiyo, kwani mchanga humpokea kama godoro. Upungufu wake ni mwingine: hajazoea mpira unaodunda. Tumekwisha kubishana sana na wenzetu wa Bara juu ya nani anatoa makipa bora, na ubishi huo hauishi leo, ila twaamini kwamba sehemu kubwa ya jibu ni udongo.

Sasa tuje kwenye suala linalowasha ndimi: walinda mlango wa kigeni. Katika miaka ya karibuni kanuni za ligi zimeziruhusu klabu kusajili wageni hadi 12, nazo klabu tatu kubwa zimeutumia mwanya huo langoni. Young Africans ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021. Simba ilimleta Ayoub Lakred wa Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Azam, yenye makao yake Chamazi, ilimchukua Mohamed Mustafa wa Sudan. Hatuwalaumu wageni hao hata kidogo. Diarra aliifikisha timu yake fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na wakazi wa Unguja walimwona Camara kwa macho yao Mei 2025, fainali ya kombe hilohilo ilipomalizikia katika uwanja wa Amaan. Ni mafundi, na kijana mwenye akili hujifunza kwa fundi.

Lakini mwanafunzi anayetazama kazi daima bila ya kushika zana hawezi kuwa fundi. Agosti 2025, Tanzania ilipokuwa mwenyeji wa fainali za CHAN pamoja na Kenya na Uganda, tulilazimika kutoa jibu, kwa sababu mashindano hayo huwahusu wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Mlango wetu ulilindwa na Yakoub Suleiman, ambaye alikuwa ametoka JKT Tanzania, timu yenye uwanja wake Mbweni katika Wilaya ya Kinondoni. Timu ilivuka hatua ya makundi bila ya kupoteza mechi, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0 katika robo fainali. Msimu huohuo Simba ikamsajili. Ni habari njema, ila iangaliwe vizuri: kipa huyo alikomaa pale alipopewa mechi, katika timu isiyo na majukwaa ya makumi ya maelfu.

Wapo wanaotaka walinda mlango wa kigeni wapigwe marufuku. Sisi hatukubaliani nao. Marufuku humpa mzawa nafasi bila ya kumpa uwezo, na uvivu hupenda ukuta wa namna hiyo. Tunachokitaka ni kila klabu ya ligi kuu iliyosajili kipa wa kigeni iwajibike kuwa na kipa mzawa chini ya miaka 23 aliyepelekwa kwa mkopo katika timu ambayo kweli anacheza, na idadi ya dakika zake itangazwe mwisho wa msimu. Shirikisho linaweza kuiandika kanuni hiyo bila ya kuomba ruhusa ng'ambo.

Tunageukia sasa maofisa wa serikali, hasa maofisa utamaduni na michezo wa manispaa za Temeke na Kinondoni, pamoja na wenzao wa Unguja na Pemba. Kuna fedha ambazo zinapotea kwa kukosa karatasi. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na nusu ya asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Klabu ya mtaani iliyomlea mtoto katika ile miaka minne ya mwanzo hupata asilimia 1. Mchezaji huyo akiuzwa siku moja kwa dola 1,000,000, fungu lao ni dola 10,000. Tena haki hiyo haiishi kwa uhamisho wa kwanza. Mbwana Samatta, aliyekulia Mbagala na kupitia African Lyon na Simba, alitoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020. Kila hatua ya aina hiyo katika maisha ya mchezaji hufungua upya mlango wa mgao, na mlinda mlango, ambaye maisha yake uwanjani ni marefu kuliko ya wote, ndiye awezaye kuufungua mara nyingi zaidi.

Sharti ni moja, nalo ni kwamba mtoto awe ameandikishwa. Klabu ngapi za Mbagala Kuu, Keko, Kawe au Bunju zina daftari la watoto wa miaka 12 wenye tarehe za kuzaliwa zilizothibitishwa? Klabu ngapi za Ng'ambo na Chake Chake, ambako madaraja ya Juvenile na Junior yamekuwa shule ya kandanda kwa vizazi, huyapeleka majina hayo kwenye usajili rasmi wa shirikisho? Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Yatosha ofisa mmoja mwenye kompyuta, anayezunguka viwanjani Jumamosi badala ya kungoja kuitwa kukagua gwaride la ufunguzi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mkataba wa kijana usisainiwe kibarazani. Kwa kanuni, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Mzazi aulize mambo mawili kabla ya kuweka dole gumba: mwanangu ataendelea na shule gani, na atacheza mechi ngapi. Kiongozi wa klabu akikasirishwa na maswali hayo, mzazi amshike mwanawe mkono warudi nyumbani.

Vijana wa Zanzibar chini ya miaka 15 walilitwaa kombe la CECAFA huko Njeru, Uganda, Novemba 2023, wakiwashinda wenyeji kwa penalti katika fainali. Tuliwapokea kwa ngoma, kama ilivyostahili. Wengi wa watoto wale sasa wamefikia umri ule wa kupanda boti, na mmoja wao akiwa mlinda mlango, miaka yake bora itaanza kati ya 2033 na 2040, ambapo viongozi wengi wa klabu tunaowajua leo watakuwa wamekwisha kustaafu. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Tanzania imepewa kuziandaa pamoja na Kenya na Uganda, zitakuwa zimekwisha kusahauliwa na wengi. Tungependa kujua ni klabu gani ya Temeke au Kinondoni iliyokwisha kumwandika jina huyo kijana, kwa mkataba wa muda gani, na atadaka wapi Jumamosi hii.