Huruma Haina Kifungu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana wenzangu wa kalamu, tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wakubwa wanapenda sana tuvichanganye: sadaka na deni. Mtoa sadaka haulizwi. Akikupa leo unashukuru, kesho asipokupa unanyamaza, maana mali ni yake. Mdaiwa ni mtu mwingine kabisa. Mdaiwa anadaiwa mchana kweupe, mbele za watu, kwa daftari. Anaweza kuomba muda. Hawezi kuomba makofi.

Sasa mnazijua zile hafla zetu za kukabidhi viti vya magurudumu. Turubai limefungwa, kwaya imepangwa, mgeni rasmi kachelewa saa 2, wapiga picha wanakanyagana. Mama wa mtoto anasukumwa mbele ashukuru. Anashukuru nini jamani? Kulipwa nusu ya deni, tena kwa kuchelewa, tena kwa hela ya mfadhili? Halafu jioni turubai linafunguliwa, wageni wanaondoka, na mtoto anabaki na kiti kwenye mchanga ambao magurudumu hayapiti.

Hilo ndilo changa la macho ninalolisema. Na nalisema nikiwa upande wetu wa Kidodi, wilayani Kilosa, kwa sababu ukisema "Tanzania nzima" hakuna anayeshtuka. Kila mtu anadhani anasemwa jirani.

Kwa wasiopajua: ukitoka Mikumi ukashika barabara ya Ifakara, Kidodi unaikuta kabla hujavuka Ruaha Mkuu kwenda Kidatu. Huku milima ya Vidunda, huku miwa. Msimu ukianza, matrela ya miwa yanapita mpaka usingizi unaisha. Makao makuu ya halmashauri yetu yako Kilosa mjini. Kwenda huko unarudi Mikumi kwanza, unapita Ulaya (ndiyo, Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya kuombea viza), ndipo unafika. Mzigo wa miwa haulalamikii safari. Mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo, yeye safari hiyo anaijua kwa mifupa yake.

Deni limeandikwa wapi? Wengine watasema nimelitunga kijiweni. Haya, tusome. Sheria Na. 3 ya 1982 ilishazungumzia matunzo ya walemavu. Mwaka 2004 ikaja Sera ya Taifa ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, Na. 21, inayoipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na kutunza daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, nayo ikaikabidhi mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kuendeleza haki na ustawi wao. Angalieni vizuri: halikukabidhiwa kanisa, wala msikiti, wala mzungu mwenye kamera. Imetajwa serikali ya mtaa kwa jina lake.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Tatizo ni kwamba ndani ya karatasi hizo kuna upenyo. Lile daftari la watoto linakwenda pamoja na kuwasaidia "pale inapowezekana". Hapo ndipo mdaiwa anapojificha! Inapowezekana kwa nani? Nani anapima? Posho ya kikao huwezekana kila mwezi. Mafuta ya gari la kikao huwezekana. Ikifika zamu ya mtoto asiyesikia, ghafla uwezekano unapata homa.

Watu wana majibu matatu ya kutunyamazisha. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: "Halmashauri haina hela." Sawa, hakuna anayesema Kilosa ni Kuwait. Lakini tuhesabu. Kila tani ya miwa inayonunuliwa inatozwa ushuru wa mazao. Kwa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ukashushwa hadi asilimia 3. Hiyo ni hela ya jasho la watu wa Kidodi, Ruhembe na Ruaha, na inaingia katika mapato ya ndani ya halmashauri. Ndani ya mapato hayo sheria inataka itengwe asilimia 10 ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hapo ndipo mchezo unapochezwa. Ukiuliza habari za watoto wenye ulemavu unajibiwa haraka, "Tumeshatenga asilimia 2!" Ukumbi unatulia, swali limekufa.

Halijafa, bwana. Asilimia 2 ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, na mtu mzima mwenye ulemavu anayetaka kufungua cherehani yake anauhitaji, na apewe. Lakini mtoto wa miaka 8 hakopi! Hafugi kuku wa kikundi. Anahitaji mtu wa kumfanyisha mazoezi ya viungo, mwalimu anayejua lugha ya alama, choo cha shule anachoweza kuingia, nauli ya kwenda kliniki. Hivyo ni huduma, na huduma hairejeshwi kwa marejesho ya kila mwezi. Tena mikopo yenyewe Serikali iliisimamisha Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, mpaka ilipoanza kurudi 2024. Kama asilimia 2 ndiyo ingekuwa huduma ya mtoto, basi mtoto angesimamishwa kukua kwa mwaka mzima akisubiri utaratibu mpya.

Jibu la pili: "Wazazi wenyewe wanawaficha." Hili lina ukweli, na tusilikwepe. Wapo wanaofungia watoto ndani kwa aibu, wapo wanaoamini wamerogwa. Wapo pia wanaoficha kwa hofu halali kabisa. Nchi hii imeona watoto wenye ualbino wakiwindwa kama digidigi, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kule Kanda ya Ziwa. Lakini kwani deni linafutika kwa kuwa unayemdai yuko chumbani? Sheria imesema daftari. Daftari halijazwi kwa kukaa ofisini ukisubiri mtoto asiyetembea atembee mpaka mezani kwako. Na mzazi naye ana akili. Akiona jirani yake alimtoa mtoto akaandikwa, akapigwa picha, na baada ya hapo kimya, yeye wa kwake atamtoa ili iweje? Watu huanza kufungua milango pale wanapoona kuna kitu nje.

Ushahidi hauko mbali. Uko mkoa huuhuu wa Morogoro, kule Mahenge, Ulanga. Kifafa kimewatesa watu wa kule kwa vizazi. Watoto walikuwa wanaanguka motoni na kuungua, na watu wakiogopa hata kuwagusa kuwaokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, akaanzisha kliniki ya kifafa. Silaha yake kubwa ilikuwa vidonge, tena vya aina isiyo ghali. Waliokuwa wamefichwa wakaanza kuletwa, kwa sababu dawa ilikuwepo. Nyota wa mkasa huu ni kidonge. Kinachoniuma ni kwamba zaidi ya miaka 60 imepita, na bado mzazi wa mtoto mwenye kifafa anaweza kufika zahanati akaambiwa, "Zimeisha, kanunue."

Jibu la tatu: "Wapo wafadhili." Wapo, na Mungu awazidishie. Lakini mradi una tarehe ya kufa, mtoto hana. Kiti cha magurudumu alichopimiwa akiwa na miaka 6 kinambana akiwa na 9. Mafuta ya kuzuia jua kwa mtoto mwenye ualbino yanaisha kwenye kopo, jua la Kidodi haliishi. Mafuta hayo yanatengenezwa hapahapa nchini, pale KCMC Moshi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni dawa ya mwezini. Mfadhili akiondoka anaacha ripoti yenye picha nzuri. Halmashauri haiondoki. Ndiyo maana imepewa deni yeye aliyepewa mipaka, mihuri na ushuru.

Na shule? Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu bila malipo. Kwa mtoto asiyeona wa Kidodi, ada haikuwa ukuta peke yake. Ukuta mwingine ni umbali. Buigiri ya wasioona, iliyoanza 1950, iko Dodoma. Shule ya viziwi ya Tabora, ya 1963, iko Tabora. Ni shule zenye heshima, zimetoa watu. Lakini mtoto wa mwenye miguu na macho anasoma anaposikia kengele kutoka nyumbani, na huyu mwingine lazima apande basi mikoa miwili akiwa na miaka 7, akalale na wageni. Kama hiyo ndiyo bure, basi bure ni ghali!

Sasa niwageukie ninyi, wenzangu waandishi, kwa sababu nasi tunaisaidia halmashauri kukwepa. Mnabisha? Fungueni hadithi zetu. Mtoto mwenye ulemavu akiingia ukurasa wa kwanza, unajua mwisho wake: atakufa ili mhusika mkuu alie, au atapona kwa muujiza, au atageuka bingwa wa kuimba mtaa mzima ushangae. Hakuna hadithi ambayo anangoja tu muhuri. Hakuna shairi lenye mtendaji wa kata ndani yake. Tunamwaga machozi kwa vina na mizani, msomaji anafuta jicho, anafunga jarida, na hajui hata aende ofisi gani. Huruma yetu haina anuani. Na mbaya zaidi, huruma haina kifungu. Kwenye kitabu cha bajeti hutaikuta.

Kwa hiyo nawaomba tujifunze fasihi nyingine, ile kavu: fasihi ya muhtasari. Sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Ukumbi huo ni wako, huhitaji kadi ya mwaliko. Lakini kijiweni tunajua kila kitu, mkutanoni hatuonekani. Halafu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, sisi tunaanza kupiga kelele Agosti. Tunajibiwa, "Bajeti imeshapita, vijana." Na kweli imepita! Mapendekezo huanza kupikwa miezi mingi kabla, kutoka kijijini kwenda kata, kutoka kata kwenda baraza la madiwani. Anayefika chungu kimeshaepuliwa asilaumu mpishi peke yake.

Twendeni na maswali haya, kwa maandishi, na tuombe yaingizwe katika muhtasari kama yalivyoulizwa:

Kwanza, daftari la watoto wenye ulemavu katika kijiji hiki liko wapi, lina majina mangapi, na lilifanyiwa marekebisho lini?

Pili, mbali na ile asilimia 2 ya mikopo, kuna kifungu gani cha huduma za watoto hawa katika bajeti ya mwaka huu, na ni shilingi ngapi?

Tatu, kati ya hizo zilizopangwa, zilizotoka ni ngapi? Maana kupanga na kutoa si ndugu.

Nne, ofisa ustawi wa jamii anafika kata yetu siku gani, na akifika anakaa wapi?

Tano, dawa za kifafa zimekatika zahanati kwa siku ngapi mwaka huu?

Mkijibiwa "hizo ni siri za ofisi", ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Andika barua, weka nakala, hesabu siku 30. Wala usitukane. Mimi hapa sijasema Halmashauri ya Kilosa imekula hela ya mtoto. Nimesema idaiwe hesabu, na kudai hesabu si kutuhumu. Mwenye daftari safi hulifungua kwa furaha.

Wenzetu Uganda, tangu sheria yao ya 1997, mabaraza ya mitaa yana viti vya wawakilishi wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume. Sisemi wamefika peponi. Nasema kule swali linakaa ndani ya ukumbi, halisubiri dirishani. Kwetu, mpaka siku hiyo ifike, swali itabidi liingie kwa miguu yetu tulio na miguu.

Viongozi wetu wa vijiji tuliwachagua tarehe 27 Novemba 2024. Tulipiga kura, tukapaka wino kidole, tukarudi kulala. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi 3. Kama kijijini kwako haujaitishwa, basi usihangaike na maswali yangu matano. Anza na hilo: mkutano ni lini?