Kiatu mezani: ucheke au ulie?

Baridi ikibana, tafuteni "The Gold Rush", sinema bubu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1925. Hii haihitaji mtu wa kutafsiri. Jamaa yuko kwenye theluji ya Alaska, njaa imemkaba, anachemsha kiatu chake na kukila kwa madaha, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi. Mbavu huna! Halafu mkesha wa mwaka mpya anaandaa meza, anasinzia akimsubiri mrembo. Ndotoni anachezesha mikate miwili kwa uma, wageni wanashangilia. Akizinduka, mrembo hajaja. Hakuna neno, ila wewe uliyewahi kupigwa chenga utaelewa. Ndiyo maana haichuji. Tukutane wiki ijayo!