Mstari Uliopotea ni Mgonjwa Aliyepotea

Mchimbaji mdogo wa dhahabu hakai mahali pamoja. Leo yuko Mwakitolyo, mwezi ujao yuko Nyarugusu, mkoani Geita. Akigundulika na kifua kikuu na kuanzishiwa dawa Kolandoto, kwa kawaida atahitaji kuzimeza kwa miezi sita, ilhali machimbo hayamsubiri. Kinachomuunganisha na mhudumu wake ni jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho zilizomo katika kanzidata. Taarifa hizo zinapohamishwa kutoka kwenye jedwali la kanzidata kwenda kwenye faili la maandishi, ili zitumwe kituo kingine, ndipo mgonjwa anapoweza kupotea bila mtu yeyote kujua.

Kosa la wazi si la kuogopesha sana. Programu ikikataa na kutoa onyo, mhudumu hutafuta sababu: faili limefunguliwa kwingine, folda hairuhusu kuandikwa, au diski imejaa. La kuogopesha ni kosa la kimya, ambapo programu husema kazi imekamilika na faili likaonekana zima.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalifika yakiwa mafaili ya maandishi, yakaingizwa katika muundo wa zamani wa Excel ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa. Wagonjwa walipata majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa.

Katika ukanda wa Shinyanga na Geita makosa ya kimya yana sura zake. Majina mengi ya Kisukuma huandikwa kwa ritifaa, kama Ng'wanamalundi. Ikiwa mhamishaji amechagua ritifaa kuwa alama ya kufungua na kufunga maandishi, jina hukatwa katikati na safu zinazofuata husogea. Anwani iliyoandikwa "Kolandoto, Shinyanga" hugawanyika mara mbili pale mkato unapotumika kutenganisha safu na maandishi hayakufungiwa kwa alama za kunukuu. Tarehe 03/04 yaweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4, na miadi ya kliniki ikapotoka.

Namba nazo zina mtego. Faili likifunguliwa moja kwa moja katika Excel, sifuri ya mwanzo ya namba ya simu hufutika. Hiyo hurudishwa kwa urahisi. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20, ikiwa imeandikwa bila vistari, haina bahati hiyo: Excel huhifadhi tarakimu 15 tu, na 5 za mwisho hugeuka sifuri. Kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, namba yaweza kuendelea kuonekana ya kweli. Faili likishahifadhiwa hivyo, zilizopotea hazirudi isipokuwa kwa kurejea kanzidata yenyewe.

Kwa hiyo faili lililohamishwa lastahili kutendewa kama sampuli ya maabara. Hakuna mtaalamu wa maabara anayepokea makohozi bila kulinganisha lebo na fomu. Vivyo hivyo, mistari ihesabiwe katika kanzidata na ihesabiwe tena katika faili. Simu na vitambulisho vihamishwe kama maandishi, si kama namba. Tarehe zianze na mwaka. Usimbaji wa herufi uwe UTF-8. Wagonjwa watano wachaguliwe, wa mwanzo, wa mwisho na watatu wa katikati, walinganishwe neno kwa neno. Mmoja wao awe mwenye ritifaa katika jina. Faili la asili lisiguswe. Anayetaka kulitazama atazame nakala. Na kwa kuwa faili la maandishi halina kufuli, lisitumwe kiholela: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mgonjwa hata ndani ya faili hilo.

Wako watakaosema kwamba wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini kuhesabu mistari huchukua dakika chache, ilhali kumtafuta mtu mmoja machimboni kwa bodaboda huchukua siku nzima, na kifua kikuu kisichotibiwa huendelea kuambukiza walio karibu naye.

Mgonjwa naye ana haki na wajibu. Aombe kusomewa jina na namba yake kabla ya kuondoka dirishani, atunze kadi yake ya matibabu, na aaga anapohama. Kadi hiyo ya karatasi, iliyokunjwa mfukoni mwa mchimbaji, huenda ikawa ndiyo nakala pekee isiyokatwa.